Biashara ya samaki imeanguka: je, bado nimebarikiwa?

SWALI: Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama wa hapa Malindi, nakaanga samaki na kuuza jioni. Nimeokoka mwaka wa 11 sasa na sijawahi kuruka fungu la kumi. Siku nzuri nanunua samaki wa shilingi 3,000, mafuta na kuni 700, tuktuk 200, nauza 4,500, na 450 namwekea Bwana. Tangu mwezi wa tano mambo yamebana. Tajiri wa samaki ananidai. Jirani yangu asiyekanyaga kanisani anaezeka nyumba. Mhubiri mmoja wa mkutano wa hadhara aliniambia nina laana ya ukoo kwa kuwa babu yangu alikuwa mganga, nipande mbegu ya 20,000 nifunguliwe. Kanisani kila anayesimama husema "nimebarikiwa". Na mimi naweza kusema hivyo? Kubarikiwa hasa ni nini?

JIBU: Asifiwe milele, mama. Nianze na lenye haraka: hiyo 20,000 usiitume. Kama uliahidi kwa hofu mbele ya umati, mweleze mchungaji wako mwenyewe, anayeijua nyumba yako, kabla hujatoa hata shilingi. Sababu zinakuja. Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe, maana sehemu kubwa ya mzigo wako inatokana na neno moja kubebeshwa kazi ya maneno mawili.

Biblia ya Kiswahili ina "baraka" na ina "heri". Yote mawili yametoka kwa Waarabu, na sisi wa Pwani tunayo mdomoni kutwa: sabalkheri asubuhi, kwaheri jioni, na "Mungu akubariki" kwa muuzaji aliyekuongezea samaki changu mmoja juu ya fungu. Kwa mazoea tunayaona pacha. Katika maandiko kila moja lina kazi yake.

Baraka kwa Kiebrania ni berakha, mzizi uleule wa Kiarabu. Ni neno linalotamkwa na mwenye uwezo, likampa anayetamkiwa uhai na nguvu ya kuzaa. Wewe unayeuza samaki utapenda kujua kwamba baraka ya kwanza kabisa katika Biblia hakupewa mtu. Walipewa viumbe wa baharini pamoja na ndege, Mwanzo 1:22: waongezeke, wayajaze maji. Mtu alibarikiwa baadaye, mstari wa 28. Kwa hiyo baraka ya mazao, watoto na riziki ni ya kweli, na wanaoibeza kana kwamba Mungu hajali chungu cha mtu wanakosea. Lakini angalia nani aliibarikia bahari, na kwamba hakulipwa.

Heri ni kitu kingine. Kwa Kiebrania ni ashre, kwa Kigiriki makarios. Hakuna mahali Mungu "anamheri" mtu. Heri hutangazwa tu, kama mtu aliyepanda juu ya mnazi anavyomwambia wa chini, "Endelea hivyo hivyo, njia uliyoshika inafika." Wa chini haioni bado. Zaburi ya kwanza inaanza hivyo: heri mtu asiyekwenda katika shauri la wasio haki, wala kusimama katika njia ya wakosaji, wala kuketi "barazani pa wenye mizaha". (Waliotafsiri wakachagua neno baraza! Kila mtu wa Pwani anaijua baraza ya namna hiyo na saa inapojaa.) Mtu huyo anafananishwa na mti kandokando ya vijito, uzaao matunda yake "kwa majira yake". Majira, mama. Mwembe usiozaa mwezi wa tano haujalaaniwa.

Zaburi ya 32 inampa heri mtu wa aina tofauti kabisa: aliyesamehewa dhambi na "kusitiriwa makosa yake". Neno ni sitara, lile la mtu aliyefunikwa aibu yake. Ukiniuliza heri ipi ni ya msingi kwa Mkristo, nitakuonyesha hii. Mtume Paulo anaichukua na kuiweka katikati ya hoja yake kwa Warumi, sura ya 4, akieleza jinsi mtu anavyohesabiwa haki pasipo matendo. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya ghorofa na asiwe nayo. Anaweza kuwa na karai moja na deni, na awe nayo yote.

Sasa Mathayo 5. Yesu anaketi mlimani na kutaja heri tisa, mstari wa 3 hadi wa 12. Watu wengi wanazikariri bila kuona zilivyoshonwa. Ahadi ya heri ya kwanza na ya nane ni ya sasa hivi: "ufalme wa mbinguni ni wao". Ahadi za zile sita zilizo katikati ni za baadaye: watafarijika, watairithi nchi, watashibishwa, watapata rehema, watamwona Mungu, wataitwa wana wa Mungu. Kwa hiyo anayelia leo bado analia, Yesu hakanushi. Anachosema ni kwamba mtu huyo tayari ameshikwa na ufalme upande huu na upande ule, na katikati kuna vitu vinavyosubiriwa. Mhubiri anayekuambia ukiwa mbarikiwa huna cha kusubiri amezifuta ahadi sita katika tisa.

Maskini wa roho ni nani? Neno la Kigiriki pale halimtaji kibarua anayepata kidogo. Linamtaja ombaomba, aliyekunyata na kunyoosha mkono. Ni mtu ajuaye kwamba mbele za Mungu hana cha kutanguliza. Wewe unayeuliza kwa unyonge kama una haki ya kusema umebarikiwa uko karibu na heri hiyo kuliko unavyodhani. Wenye upole watakaoirithi nchi ni maneno ya Zaburi 37:11, yaliyosemwa kwa watu waliokuwa wakitazama waovu wakistawi. Kwa familia za Pwani zilizolima shamba miaka na miaka bila hati, sina haja ya kuyafafanua.

Lakini heri si amri. Yesu hasemi tutafute umaskini, wala tujitafutie msiba. Hapa Malindi tuna sababu ya kulisema hili kwa sauti kuliko watu wa mahali pengine. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu waliofundishwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Njaa ya heri ya nne ni njaa ya haki, na ahadi yake ni kushibishwa. Yesu aliyesema maneno hayo alilisha wanaume 5,000, bila kuhesabu wanawake na watoto, kwa mikate mitano na samaki wawili, na baada ya kufufuka aliwawekea wanafunzi wake samaki juu ya makaa ufuoni akawaambia, "Njoni mfungue kinywa" (Yohana 21). Mafundisho yoyote yanayofanya njaa ya tumbo kuwa tiketi ya mbinguni yamemwacha huyo nyuma. Na soma sura hiyohiyo ya Yohana tangu juu: usiku ule Petro na wenzake, watu waliochaguliwa na Bwana mwenyewe, walivua hadi alfajiri wasipate kitu. Hakuna aliyewaambia wana mkosi.

Hapo tunafika kwenye mwezi wako wa tano. Unaijua bahari kuliko mimi. Kusi, ule upepo wa kusini, ikishashika, mitumbwi na ngalawa hazivuki mwamba, samaki wanaofika bandarini wanapungua, bei inapanda, na mnunuzi wako wa jioni mfuko wake ni uleule. Mama karanga, wakaanga samaki wenzako, wa Mayungu na wa Ngomeni wanalalamika pamoja nawe, waliookoka na wasiookoka. Mathayo 5:45 inasema Mungu huwaangazia jua waovu na wema. Upepo nao uko hivyo. Kabla hujatafuta laana, linganisha: ikiwa wote wa bandari moja wameshuka kwa majira yaleyale, chanzo ni cha wote. Ikiwa umeshuka peke yako, tafuta chanzo kilicho chako peke yako. Nadhani kipo, nami nitakitaja, lakini hakimhusu babu.

Jirani anayeezeka nyumba tumwache. (Asiyekanyaga kanisani hapa kwetu huenda anakwenda msikitini mara tano kwa siku.) Hujui amekopa au ametumiwa. Hilo la wivu lina zaburi yake, ya 73: Asafu anakiri waziwazi kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna, akakaribia kuteleza. Kilichomtuliza hakikuwa kuwaona wakifilisika. Aliingia patakatifu, akatoka akisema, kumkaribia Mungu ndiko kwema kwangu. Isome yote, mistari 28, kwa sauti, usiku biashara ikishafungwa.

Laana ya ukoo. Anayekutisha kwa hiyo hutumia Kutoka 20:5, maovu ya baba kupatilizwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Anaacha maneno mawili: mstari wenyewe unaongeza "wanichukiao", na unaofuata unataja rehema kwa maelfu ya wampendao. Anaiacha pia Ezekieli 18, sura nzima iliyoandikwa kwa watu waliokuwa wakisema kama unavyoambiwa: wazazi wamekula zabibu mbichi, meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu anawakataza mithali hiyo. Mwana hatauchukua uovu wa baba. Kisha Wagalatia 3:13–14: Kristo alitukomboa katika laana kwa kufanywa laana kwa ajili yetu, ili baraka ya Ibrahimu iwafikilie Mataifa. Mataifa ni sisi, wajukuu wa waganga na wa wasio waganga. Kama katika nyumba kuna kitu cha uganga unachokiogopa, au bado unaendea uganga kwa siri, hilo ungama na uliache, mchungaji au padre wako akiomba nawe. Kazi hiyo haina ada. Ukidaiwa hela ya kufunguliwa, kumbuka Simoni wa Samaria katika Matendo 8, aliyetaka kununua karama. Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Na Elisha, alipomponya Naamani ukoma, alikataa zawadi. Gehazi mtumishi wake akamfuata Naamani kwa siri, akachukua talanta mbili za fedha na mavazi, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye (2 Wafalme 5).

Neno "mbegu" nalo limetolewa nje ya shamba lake. "Apandaye haba atavuna haba" iko katika 2 Wakorintho 9:6. Fedha inayozungumzwa pale ni mchango wa makanisa kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, na mstari unaofuata unasema atoe kila mtu kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Sura moja kabla yake Paulo anaeleza kwamba hakutaka kuibeba fedha ile peke yake. Kuna ndugu waliochaguliwa na makanisa kuandamana naye, mtu asije akamlaumu. Hapo ndipo pa kumpimia anayekuomba mbegu. Inakwenda kwa nani? Nani anaihesabu pamoja naye? Imeandikwa wapi? Inatumwa kwa nambari ya kanisa au ya simu yake? Aliyekusudia mema hatakasirika. Akikujibu kwamba kuuliza ni kukosa imani, umekwisha kujibiwa.

Sasa hesabu. Siku nzuri unatoa 3,900, unauza 4,500. Kilichoongezeka ni 600. Fungu la kumi la ongezeko hilo ni 60. Wewe unatoa 450, fungu la kumi la mauzo, yaani unamtolea Mungu zaka ya samaki wa tajiri, mafuta ya dukani na nauli ya tuktuk. Kwa siku sita faida yako ni 3,600 na unatoa 2,700. Zinabaki 900, ambazo ni 150 kwa siku kulisha nyumba. Hiyo ni kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari ikiwa shwari. Kusi ikifika na jioni ukauza 4,000, faida ni 100 na unatoa 400. Hizo 300 zimetoka wapi? Kwenye mtaji. Kesho yake unakopa kwa tajiri kuziba pengo, na deni linakua kila siku unayodhani unajizidishia baraka. Hapa ndipo unaposhuka peke yako.

Torati yenyewe haikudai hivyo. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia maongeo ya mbegu, kile shamba lilichozaa. Hakuna mkulima aliyetoa zaka ya mbegu aliyokopa. Mistari inayofuata inashangaza wengi: sehemu ya zaka ililiwa na mtoaji pamoja na nyumba yake kwa furaha mbele za Bwana, na kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Malaki 3:10, ile ya madirisha ya mbinguni, inataja ghala na chakula ndani yake. Mistari mitano kabla yake Mungu anawashtaki wanaomwonea mjane na yatima na kumpunja kibarua mshahara. Naye Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba wanalipa zaka za mnanaa, bizari na jira huku wameacha adili, rehema na imani.

Makanisa hayasemi mamoja juu ya zaka. Mengine huifundisha kama sheria iliyobaki, mengine kama kipimo kizuri kisicho sharti, mengine hayaitaji kabisa. Lolote ambalo kanisa lako linafundisha, kwa mfanyabiashara hesabu ni ya faida. Tenga mtaji kwanza, uufunge kwenye kitambaa chake, 3,900 zirudi 3,900. Kinachobaki ndicho chako, na katika hicho mtolee Mungu. Kwa tajiri nenda mwenyewe kabla hajakutumia mtu. Mwambie utalipa kiasi gani kila siku ya soko, kidogo usichoshindwa, uandike. Kulipa deni ni haki, nayo haki ina heri yake. Na kaskazi ikirudi, fanya kama Yusufu Misri: katika miaka saba ya shibe alitenga sehemu ya tano (Mwanzo 41:34). Ya 600 ni 120 kwa siku. Si kukosa imani. Huyo Yusufu ndiye aliyeandikiwa kwamba "BWANA alikuwa pamoja na Yusufu", na maneno hayo yameandikwa akiwa mtumwa nyumbani kwa Potifa, yakarudiwa akiwa gerezani, sura mbili kabla ya cheo.

Unataka kutoa zaidi ya hapo? Kuna kutoa ambako Yesu mwenyewe amekuwekea heri kwa maneno wazi, na hakuhitaji simu. Luka 14:13–14: ukifanya karamu waite maskini, vilema, viwete, vipofu, "nawe utakuwa heri, kwa kuwa hao hawana cha kukulipa". Angalia sababu. Heri iko palepale panapokosekana malipo. Mbegu ya 20,000 inatolewa kwa kutarajia mavuno, kwa hiyo iko upande wa pili kabisa wa mstari huu. Samaki tafi wawili waliobaki jioni, wakapelekwa kwa bibi kizee wa nyumba ya tatu asiye na mtu, wako ndani ya mstari.

Umeuliza kama unaweza kusema "nimebarikiwa". Elisabeti alimwambia Mariamu, "Umebarikiwa wewe katika wanawake", na binti huyo alimlaza mtoto wake katika hori ya kulishia ng'ombe, akaambiwa na Simeoni kwamba upanga utamwingia moyoni, akakimbia na mtoto Misri. Hakuna lililofuta neno la kwanza. Umesamehewa, unaitwa mwana, Waefeso 1:3 inasema tumebarikiwa kwa baraka zote za rohoni ndani ya Kristo, na kitenzi chake ni cha jambo lililokwisha kufanyika. Kwa hiyo lisemeni wote, na wewe ukiwemo. Ila usilitumie kufunika. Rafiki zake Ayubu walikuwa na maneno mazuri ya kidini na Mungu aliwaambia hawakunena yaliyo sawa. Ayubu aliyelia na kulalamika ndiye aliyesifiwa. Jumapili ukipewa nafasi ya ushuhuda, simama useme: "Nimebarikiwa, kusi imenibana, tajiri ananidai, niombeeni." Kama kanisa lenu litashindwa kuisikiliza sentensi hiyo hadi mwisho, mchungaji wenu atakuwa na kazi ya kufanya.